Naomba ushauri: nitawafundishaje watoto habari za Waazteki zisiishie kwenye kafara tu?

Mwalimu_Kaniki

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia, nasimamia klabu ya historia ya kidato cha pili. Kila mwezi wanafunzi huchagua jamii moja ya kale, na safari hii wamechagua Waazteki wa Mexico.

Kipindi cha kwanza nimekiharibu mwenyewe. Nilifungua na hekalu kuu la Tenochtitlan, mji wao mkuu: kuhani, kisu cha gumegume, moyo unaotolewa kifuani. Nilidhani nitawavutia, na kweli walivutika, ila hawakutaka kusikia kingine chochote. Mmoja akasema, "Kumbe walikuwa washenzi tu." Darasa zima likaitikia. Neno hilo lilinichoma, maana babu zetu nao waliitwa hivyo hivyo na waliokuja kuwatawala. Jioni yake mzazi mmoja akanipigia simu kuuliza kwa nini nawafundisha watoto mambo ya mizimu.

Alhamisi nina dakika 40 nyingine. Kafara sitaki kuificha, kwa sababu ilikuwepo. Ila nataka watoto watoke wakijua kwamba wale walikuwa watu. Nianzie wapi? Naomba msaada wenu.

BintiPangani

Pole Mwalimu. Anzia jikoni, kabla jua halijachomoza.

Mwanamke amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, lile bapa, jiwe dogo liko mikononi. Mahindi ameyachemsha jana na chokaa, yamelala usiku kucha, maganda yanatoka yenyewe. Anasaga unga mbichi, anakanda, anapiga mikate myembamba na kuichoma juu ya bamba la udongo. Kazi hiyo ni kila siku, saa nyingi. Waambie na siri ya chokaa: inafungua vitamini iliyofungwa ndani ya mahindi. Wazungu walichukua mahindi wakaacha chokaa, na maskini wa Italia na Hispania waliokula mahindi karibu matupu wakaugua pelagra, ngozi ikibabuka. Mahindi tunayosongea ugali yametoka upande huo huo wa dunia, kwa hiyo watoto wako hapo si wageni kabisa.

Kisha wape kipimo cha mlo. Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha picha kuhusu maisha yao kilichochorwa miaka ya 1540 hivi, inaonyesha mtoto wa miaka 3 akipewa nusu mkate kwa mlo, wa miaka 4 mmoja, wa miaka 6 mmoja na nusu, na wa miaka 13 miwili. Kwenye kurasa hizo hizo, mtoto mkaidi wa miaka 11 anashikiliwa juu ya moshi wa pilipili. Darasa lako litakuwa na maswali hapo!

La mwisho, na mimi ndilo lililonigusa kuliko yote: kitovu. Cha mtoto wa kike kilizikwa karibu na mafiga. Cha wa kiume walipewa wapiganaji wakakizike kwenye uwanja wa vita, na mkunga alimwambia kichanga kwamba nyumba aliyozaliwa ni kiota tu. Waulize wanafunzi vyao vimezikwa wapi. Wengi watakuwa na jibu.

Mzee wa Kibatari

Mwalimu, nakuunga mkono kuhusu hilo neno. Na jihadhari na takwimu. Kuna hesabu inazunguka ya watu 80,400 kuchinjwa kwa siku nne hekalu lilipozinduliwa mwaka 1487. Watafiti wengi hawaikubali. Iliandikwa baada ya Wahispania kuuteka mji mwaka 1521, na kwa mtekaji ilikuwa na faida yake. Usiipeleke darasani.

Nyota_ya_Alfajiri

Nakubaliana na dada hapo juu, ila Mwalimu usikae jikoni dakika zote 40, utakuwa umekwepa. Uchimbaji kwenye Hekalu Kuu umetoa mifupa ya watoto wasiopungua 42 waliotolewa kwa Tlaloc, mungu wa mvua. Hilo ni zito na liachwe libaki zito.

Waeleze mantiki yake. Waliamini miungu ilijitupa motoni ili jua lipate kuwaka, kwa hiyo binadamu ana deni. Kafara waliiita kwa neno lenye maana ya kulipa deni. Mtu wa kawaida alilipa kwa kujichoma na mwiba wa mkonge na kutoa damu yake. Mwanamke aliyefariki akijifungua alihesabiwa mpiganaji, akalisindikiza jua toka adhuhuri mpaka machweo. Mtoto akishajua hesabu hiyo ya deni anaweza kuichukia kafara bila kumwita mtu mshenzi. Na yule mzazi mwambie hivyo hivyo: unaeleza walichoamini, humwambii mtu ayaamini.

Mwalimu_Kaniki

Nashukuru sana, wote. Nimeamua: jikoni, kitovu, kisha soko la Tlatelolco ambako punje ya kakao ilikuwa fedha na matapeli walijaza maganda yake kwa donge la unga au kokwa la parachichi. Halafu deni. Hekalu litakuja mwishoni.

Swali moja: naweza kuchemsha mahindi na chokaa mbele yao? Iliyopo stoo ni ya kupaka ukutani.

BintiPangani

Hapana Mwalimu, hiyo ya ukutani usiiguse, haifai kuliwa. Chukua majivu safi ya kuni, chekecha, tia kwenye maji, chemsha na mahindi makavu mpaka ganda lianze kuachia. Osha mara tatu nne kwa maji mengi. Anza asubuhi mapema, maana kwenye jiko la mkaa itachukua muda, na jiwe la kusagia liazime kwa bibi yeyote wa jirani.