Mjadala: Bwawa likiokoa katikati ya mji kwa kuzamisha nyumba zilizo nyuma yake, nani abebe hasara?

Ndugu zangu, naomba tulijadili suala la mabwawa ya kuzuia mafuriko mijini kwa kuitazama Houston, Texas. Nimeichagua kwa sababu pale bwawa halikubomoka. Bwawa likibomoka hakuna wa kubishana naye. Ugumu unakuja pale bwawa linaposimama imara, likafanya kazi iliyokusudiwa, na bado maelfu ya watu wakakuta maji ndani ya nyumba zao.

Buffalo Bayou ni mto unaotoka magharibi ya Houston na kupita katikati ya mji kuelekea bandarini. Mafuriko ya 1929 na 1935 yaliuharibu vibaya mji huo, na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikapewa kazi ya kutafuta dawa. Kikajenga mabwawa mawili magharibi ya mji: tuta la Barker lilikamilika 1945, la Addicks likafuata 1948. Yote mawili ni ya udongo. La Addicks lina urefu wa zaidi ya kilomita 18, lakini kimo chake hakifiki mita 15. Enzi hizo pale palikuwa mbuga, mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe, mbali kabisa na mji.

Mabwawa haya si kama ya umeme ya Mtera au Masinga, ambayo tunafurahi yakijaa. Haya yanafaa yakiwa matupu. Siku za kawaida milango iko wazi, mto unapita, na ndani ya eneo la bwawa watu wanacheza mpira na kuendesha baiskeli. Mvua kubwa ikinyesha, milango inafungwa, maji yanatuama nyuma ya tuta, kisha yanaachiwa taratibu hali ikitulia. Kiwango cha kawaida cha kuachia ni takriban mita za ujazo 57 kwa sekunde kwa mabwawa yote mawili, ili mto usipande kingo na kuingia mitaa ya chini.

Shina la ugomvi liko kwenye ardhi. Serikali ilipojenga haikununua eneo lote ambalo maji yangelifika siku bwawa litakapojaa mpaka ukomo wake. Ilinunua sehemu, nyingine ikabaki kwa wenye mashamba. Mji ukapanuka kuelekea magharibi, wenye mashamba wakauza, kampuni za ujenzi zikapata vibali, na vitongoji vizima vikaota ndani ya eneo ambalo kwenye mahesabu ya wahandisi ni tumbo la bwawa. Katika Kaunti ya Fort Bend, baadhi ya ramani za upimaji ziliandikwa kwamba kitongoji kinapakana na Barker na kinaweza kuzamishwa kwa muda mrefu. Jamani, nani kati yetu amewahi kununua nyumba akaenda kwanza kufukua ramani ya upimaji wa kitongoji kizima? Mtu anaona barabara ya lami, shule, umeme na kibali cha serikali, anaamini kwamba wakubwa walishapima.

Kimbunga Harvey kilipofika Agosti 2017 kilikwama juu ya eneo hilo kwa siku kadhaa. Karibu na Nederland, mashariki ya Houston, ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 1,500. Maji nyuma ya matuta yalipanda kasi kuliko ilivyotarajiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti wahandisi wakaanza kufungua milango, mapema kuliko muda waliokuwa wametangaza, na mwishowe wakawa wanaachia karibu mita za ujazo 370 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara sita ya kiwango cha kawaida. Hoja yao ilikuwa kwamba wasipoachia kwa mpango, maji yatazunguka ncha za matuta na kwenda yanakotaka, bila mtu wa kuyazuia. Hata hivyo, siku iliyofuata maji ya Addicks yalianza kupita kwenye ncha ya kaskazini, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu lijengwe.

Kwa hiyo walizama watu wa pande mbili. Wa nyuma ya tuta, kama wakazi wa Canyon Gate na Bear Creek Village, walizama kwa sababu maji yalizuiwa. Wa mbele, kandokando ya mto, walizama kwa sababu maji yaliachiwa. Katikati ya mji na eneo la bandari viliepushwa na balaa kubwa zaidi.

Wote walikwenda mahakamani kudai fidia, kwa msingi wa Katiba ya Marekani inayokataza serikali kutwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma bila kumlipa. Desemba 2019 Jaji Charles Lettow aliwapa haki wa nyuma ya tuta: serikali ilijua kwamba ardhi ile siku moja itazamishwa, na ikaitumia kama hifadhi ya maji yake. Miezi miwili baadaye jaji mwingine, Loren Smith, akawakatalia wa mbele, akisema hakuna mwenye haki ya kulindwa kikamilifu dhidi ya mafuriko. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo wa pili na kuirudisha kesi isikilizwe.

Msimamo wangu ni huu. Bwawa la kuzuia mafuriko haliondoi maji, linayahamisha. Linachagua yatuame wapi na kwa muda gani. Basi serikali inayochagua mahali pa kuyatuamisha imekwisha kuitumia ardhi hiyo, hata kama imepita miaka 70 bila tone kufika. Inapaswa kuinunua au kumlipa mwenyewe haki ya kuizamisha, tena kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kumwambia mtu baada ya maafa kwamba ulikuwa unaishi bwawani ni dhuluma, kwa sababu aliyejua siku zote ni yule aliyechora mstari wa maji.

Wapo wanaosema watu wale walikuwa na uwezo, wangekata bima. Lakini wengi walikuwa nje ya mistari ya ramani za mafuriko ambazo benki huzitazama zinapomlazimisha mkopaji kukata bima. Ramani zile zilikuwa zikipima mito. Maji yaliyozuiwa na tuta na kurudi nyuma hayakuhesabiwa humo. Mtu alifanya kila alichoagizwa na bado akabaki bila kinga. Texas yenyewe imelikubali pengo hilo: sheria iliyoanza kutumika Septemba 2019 inamtaka muuzaji wa nyumba kueleza kama iko ndani ya eneo la kujaa maji ya bwawa. Ni hatua njema, ila imekuja baada ya watu kuzama.

Kuhusu uimara wa matuta nitasema kidogo tu. Mwaka 2009 wahandisi wenyewe waliyaweka mabwawa haya kwenye daraja la juu kabisa la hatari, kwa wasiwasi wa maji kupenya pembeni ya njia za kutolea. Daraja hilo linajumlisha udhaifu wa tuta na wingi wa watu watakaoathirika, kwa hiyo mji ukiendelea kujengwa chini yake, hatari inapanda hata kama udongo haujasogea. Njia mpya za kutolea maji zimejengwa tangu wakati huo.

Anayedhani matengenezo ni jambo dogo aikumbuke Derna, Libya. Mabwawa yake mawili yalijengwa miaka ya 1970 kuulinda mji huo huo. Nyufa zilijulikana tangu 1998, mkandarasi alianza ukarabati 2010, vita vya 2011 vikamwondoa, na hakuna aliyerudi kuumalizia. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023 yote mawili yalibomoka, maelfu wakafa. Watu walikuwa wamejenga hadi ukingoni mwa korongo kwa kuamini kwamba mabwawa yako juu, yanawalinda.

Na kwetu? Mvua za Aprili na Mei 2024 serikali ya Kenya iliwaamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na malambo 178 wahame. Hapo ndipo wengi walipojua kwa mara ya kwanza kwamba wako njiani mwa maji. Dar es Salaam wakazi wa Bonde la Msimbazi wamekuwa wakilipwa fidia ili wapishe mradi wa kudhibiti mafuriko. Tubishane kuhusu kiasi cha fidia hiyo, ni haki, lakini mpangilio wa kuwalipa watu kwanza kisha kuuachia mto nafasi naona ni bora kuliko wa Houston.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango:

Mchangiaji mmoja anasema dawa ni kujenga bwawa la tatu. Wazo hilo ni la zamani, kwani mpango wa awali wa miaka ya 1940 ulikuwa na hifadhi zaidi ya mbili na nyingine hazikujengwa. Mwaka 2020 wahandisi walitoa ripoti ya awali iliyotaja bwawa jipya kwenye mbuga ya Katy, magharibi ya Houston, na kupanua Buffalo Bayou, na watu wengi wakapinga. Mimi silipingi bwawa la tatu kwa sababu ya gharama. Nalipinga iwapo ardhi yake haitanunuliwa yote mpaka mstari wa mwisho wa maji. Mbuga inayobaki inanyonya mvua bila milango wala wahandisi, nayo inazidi kumezwa na nyumba.

Mwingine ameuliza: mvua ikishakuwa kubwa kupita kiasi, kuna la kufanya zaidi ya kuomba Mungu? Lipo, ndugu yangu. Mstari wa maji ungeweza kuwekewa nguzo barabarani, kila mtaa, zikionyesha bwawa likijaa yanafika wapi. Mpangaji na mnunuzi wangeona bila kwenda ofisi yoyote.

Sasa naomba wapima ardhi na maafisa mipango miji mlio humu mtueleze: kwa sheria zetu, kiwanja kilicho nyuma ya bwawa linalokusudiwa kujaa mara moja kwa miaka mingi kinaweza kupewa hati? Kama kinaweza, nani anatia saini?