MREJESHO: Ule mngurumo kwenye besi ya zamani na pedali

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo, niliuliza kuhusu Jazz Bass yangu (gitaa la besi la Fender) ya miaka ya 70 iliyokuwa inanguruma vibaya jukwaani na kuzidi nikiwasha pedali (vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti), na kitufe cha sauti kinakwaruza kila nikikigusa.

Kwanza yule aliyesema nichomeke besi moja kwa moja kwenye amp (kikuza sauti) bila pedali yoyote, ubarikiwe sana, maana hapo ndo nikajua matatizo ni mawili tofauti, moja la pedali na jingine la besi yenyewe. Makelele makubwa yalitoka kwenye adapta moja iliyokuwa inalisha pedali zote, pedali ya dilei (ya mwangwi) ni ya dijitali ikawa inachafua umeme wa zile za analogi, nimehamia pawa saplai ambayo kila tundu la volti 9 linajitegemea na kelele ile imekata kabisa.

Kitufe nilipuliza sprei ya kusafishia, kikatulia kidogo tu kikarudia, ikabidi fundi aweke kipya cha kilo-ohm 250. Cha zamani nimekitunza, besi ya umri ule kila kipande chake kina thamani.

Kwa mngurumo wa besi yenyewe, tepu ya shaba niliyobandika ndani ya mwili wa besi kuzuia kelele imesaidia nusu. Nikifungua sauti ya pikapu zote mbili (zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) sawasawa kimya, nikibaki na moja mngurumo upo, umepungua lakini upo, hizo pikapu ni za koili moja moja, zinanasa mngurumo, ndivyo zilivyo. Kubadilisha pikapu nimekataa, ile sauti ndo naipendea hii besi.

Asanteni sana wote.