Naomba ushauri: malalamiko dhidi ya afisa wa polisi

Ndugu zangu, mdogo wangu, mwendesha tuktuk hapa Mombasa, alipigwa na afisa wa polisi hadi akavunjika kidole, na kituoni wakakataa kuandika malalamiko yake katika kitabu cha matukio (OB), jambo ambalo kwangu ni dhuluma ya pili. Ninafahamu kwamba IPOA, mamlaka ya kiraia iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huchunguza polisi na inaweza kupendekeza afisa ashtakiwe, tofauti na Kitengo cha Masuala ya Ndani ambacho ni cha polisi wenyewe. Je, tunaweza kwenda IPOA bila nambari ya OB, tukiwa na cheti cha daktari pekee? Shahidi wetu, mama muuza viazi karai, anaogopa kutajwa jina, tumlindeje?