Kazi ya mikono yangu inashikwa kwa VIDOLE VIWILI? Mbele za watu?!

Wakuu, natoka kwenye kikao cha wazazi sasa hivi, nina hasira hadi simu inanitetemeka mkononi. Wenye watoto pale shuleni kwetu, shule ya Montessori, ule mfumo wa mtoto kujifunza kwa kushika vifaa mwenyewe, mnamjua ninayemsema. Simtaji. Yule yule wa kiti cha mbele. Akikohoa yeye, kamati nzima inasema pole.

Kamati ilitangaza fremu za kuvalia zimechakaa, zile za mbao zenye kitambaa cha vifungo ambazo mtoto anajifunzia kuvaa, wenye cherehani wasaidie. Nikajitolea. Nikatafuta kitambaa kizito, nikakunja pindo, matundu ya vifungo nikayazungushia uzi kwa mkono. Mume wangu akazipiga randa zile mbao hadi ukipitisha kiganja hakuna kinachokwaruza. Mwanangu akaijaribu, akafunga na kufungua vifungo vyote mwenyewe bila kuomba msaada.

Leo naitoa kwenye mfuko, yule mama anaipokea kwa vidole viwili. VIDOLE VIWILI, kama kaokota panya aliyekufa! Akaiinua juu wote waione, akasema: "Hii si Montessori. Mpe mwanao achezee nyumbani." Ukumbi kimya. Mwalimu anaangalia dari.

Hata mezani hakuiweka. Kanirudishia kwa vidole vile vile viwili!

Nani kampa hatimiliki ya Montessori? Maria Montessori, mwanzilishi mwenyewe, alifungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, mwaka 1907, San Lorenzo, Roma, kwenye majengo ya wafanyakazi maskini. Kanuni za pale ziliwapa akina mama nafasi ya kuzungumza na mwalimu walau mara moja kwa wiki kuhusu watoto wao. Wanasikilizwa! Huyu wetu angekuwa San Lorenzo angeinua jengo zima kwa vidole viwili na kulitupa nje.

Kuna mwingine kafanyiwa hivi au ni mimi tu?

Baba Pacha: Namjua huyo! Mimi alinikemea mlangoni asubuhi, eti nawaaga wanangu kwa muda mrefu, nawavurugia utulivu kabla ya kuanza kazi. Wanangu mwenyewe!

Msumari: Tupia picha ya fremu kwanza, tusihukumu mtu bila ushahidi.

Mleta uzi: Hiyo hapo. Tazama matundu yalivyoshonwa.

Msumari: Dada, vifungo vitano, rangi tano?! Hapo hata kidole kimoja kingetosha 😂😂

Bi Mkubwa: Kwenye rangi yule mama ana hoja. Fremu inamfundisha mtoto jambo moja, kufunga kifungo. Ukimwekea rangi tano anaanza kuchagua rangi. Ndiyo maana mnara wa waridi, ule wanaoupanga watoto darasani, una michemraba kumi ya rangi moja, kinachobadilika ni ukubwa tu. Ila mtu huambiwa hayo pembeni, kwa adabu.

Mleta uzi: Si angeniambia basi! Vifungo vinabadilishwa jioni moja tu. Mimi silalamikii rangi, nalalamikia vidole viwili.

Jicho Kali: Kanuni hizo hizo za San Lorenzo zilisema mtoto akija hajaoga anafukuzwa. Hiyo umeiruka mama 😂 Wanao wanaoga?

Mleta uzi: Usiingize kuoga kwa wanangu hapa. Narudia, aliiinua JUU. Ili waliokaa nyuma nao waone.

Baba Pacha: Na mwalimu naye anaangalia dari! Kazi yake si kuangalia watoto?

Mtulivu: Kwa kuwa mmetaja mnara wa waridi, kwetu ule mchemraba mdogo kuliko yote, wa sentimita moja, umepotea. Ukatumwa ujumbe wazazi tupekue mifuko ya suruali za watoto. Mimi nimepekuliwa mkoba getini, mtu mzima na ndevu zangu!

Baba Pacha: Kwetu ulikutwa ndani ya soksi.

Bi Mkubwa: Huo ndio unaopotea siku zote. Mtoto anajenga kwa utulivu wote, anafika juu, hamna cha kumalizia. Anabaki amesimama anatafuta chini ya rafu. Inaniuma sana. Hakuna fundi mbao humu wa kutuchongea?

Msumari: Mume wa mleta uzi si ana randa?

Mleta uzi: Naongelea DHARAU, ninyi mnaongelea michemraba??

Mtulivu: Punguza jazba dada. Sentimita moja kila upande, rangi ya waridi tupu, usituletee ya mchanganyiko. Anaweza?

Jicho Kali: Mchemraba ni nafuu. Kwetu watoto wanajifunza kumimina maji kwa jagi la kioo. Mwalimu anasema likivunjika mtoto anaona mwenyewe kosa lake, anajifunza kushika kwa uangalifu. Sawa, nakubali. Sasa likivunjika anayepigiwa simu alete lingine ni nani? Mimi! Kila mara mimi!

Msumari: Labda mwanao ndiye anayevunja.

Jicho Kali: Mwanangu anashika jagi kuliko wewe unavyoshika maneno yako.

Baba Pacha: Jagi tu? Sisi likizo ikifika tunagawiwa vimkeka vyote vya darasa tukafue, vile wanavyotandika chini kufanyia kazi. Mwaka huu nimepewa vya darasa zima, na mwenyekiti wa zamu kachukua kimoja. Nafungua uzi wangu, nisubirini huko.

Bi Mkubwa: Weka na picha za vimkeka.