Maji ya kuoga Ncha ya Kusini

Mdadisi: Wakuu, naomba kueleweshwa. Nasikia kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott, pale Ncha ya Kusini, mtu anaoga mara mbili tu kwa wiki, dakika mbili mbili. Watu wamekalia barafu yenye unene wa karibu kilomita tatu, maji yanaadimikaje?

Fundi Jenereta: Nimekaa huko msimu wa baridi, upande wa umeme na mabomba. Mkuu, barafu si tatizo, tatizo ni mafuta. Joto la jenereta linapasha maji, maji yanashushwa kisimani, yanayeyusha barafu huko chini mpaka linakuwa bwawa, kisha pampu inayavuta juu. Jenereta zenyewe zinakunywa mafuta ya ndege, yanayoletwa kwa ndege au kukokotwa na matrekta juu ya theluji kutoka McMurdo, kituo cha Marekani kilichopo pwani ya Antaktika, zaidi ya kilomita 1,600. Kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Oktoba hakuna ndege ya kawaida inayotua. Mliyonayo ndiyo hayo hayo. Kwa hiyo unajilowesha, unafunga bomba, unajisugua sabuni taratibu, unafungua kusuuza. Dakika zinazohesabiwa ni za maji kutiririka, na ukizoea zinabaki.

Mimi hata baridi haikunitesa kama ukavu. Ngozi inapasuka pembeni ya kucha, ukishika spana unaona nyota. Nilikuwa naziba nyufa kwa gundi, ile ile ya kubandikia vitu. Na kila ukigusa kitasa, shoti!

Mdadisi: Duh. Na giza?

Fundi Jenereta: Jua linazama Machi, linachomoza Septemba. Madirisha yanazibwa ili mwanga usiharibu kazi ya darubini, nje tunatembea na tochi nyekundu. Saa tunafuata za New Zealand, maana safari zinaanzia Christchurch. Kuosha vyombo na kusafisha vyoo ni zamu ya kila mtu, awe na shahada ngapi.

Wa Jikoni: Fundi kasahau mwinuko, mita 2,835. Mgeni anapanda ngazi akihema, na maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, maharage yanakuchelewesha mpaka unakasirika.

Mdadisi, kama unataka kuomba kazi huko, wanahitajika pia wapishi na mafundi, si wanasayansi peke yao. Ila wanakupima kila kitu, hadi meno. Lenye shida litibiwe au ling'olewe kabla.