Tupeane uzoefu: Umewahi kuponzwa kazini kwa kukataa upigaji? Ulijiteteaje?

Wakuu, habari za muda huu.

Naanza na yangu. Nilikuwa stoo kipa kwenye ghala moja la vyakula hapa Dar, mwaka wa nne kazini. Siku hiyo naletewa delivari noti ya mifuko 200 ya sukari nisaini. Nahesabu, iko 140. Bosi wa manunuzi ananiambia, "Saini tu, mingine inakuja jioni." Jioni hiyo naisubiri mpaka leo. Niligoma. Mzigo uliofuata, mchezo ule ule, nikagoma tena, ila safari hii nikamwandikia meneja barua pepe: tarehe, namba ya gari, idadi iliyoandikwa na idadi iliyoshushwa.

Baada ya wiki tatu naitwa kikao cha nidhamu, eti nimekaidi maagizo. Barua nakabidhiwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, kikao Jumamosi saa tatu asubuhi. Niliingia peke yangu, nikatoka sina kazi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa chama cha wafanyakazi. Akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu, siyo wewe uthibitishe kuwa umeonewa. Na kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri mwenyewe haruhusiwi kukuagiza si sababu ya kukufukuza. Kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kuitoa, vivyo hivyo. Halafu kanuni za 2007 zinataka upewe angalau saa 48 za kujiandaa na kikao, na uruhusiwe kwenda na mfanyakazi mwenzio au mtu wa chama. Mimi nilipewa saa 16, na nyingi kati ya hizo ni za kulala.

Siku ya 19 nikaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), nikajaza fomu namba moja. Sikuwa na wakili wala sikulipia kufungua shauri. Upande wa mwajiri walikuja na wakili. Barua pepe yangu ilipowekwa mezani, akaisoma mara mbili, akaomba waongee pembeni. Tukamalizana kwa malipo. Kazini sikurudi, na kusema kweli sikutaka.

Ila kuna ujinga niliufanya. Hasira zilinipanda nikarusha picha za zile delivari noti kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Nusura linigeukie, wakaanza kudai nimevujisha siri za kampuni. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Shangazi yangu si mamlaka husika. Kama ni rushwa, TAKUKURU wana namba 113, unapiga bure.

Haya, na nyie?

MlinziWaZamu: Mkuu wewe ulikuwa na bahati ya huyo mzee. Mimi nilifukuzwa nikaambiwa "subiri, mkurugenzi akirudi safari tutaliangalia suala lako." Nikasubiri kwa adabu zote. Mwezi wa tatu naenda CMA, naambiwa kesi ya kuachishwa kazi inafunguliwa ndani ya siku 30. Nikajaza fomu namba mbili ya kuomba kuongezewa muda. Naulizwa sababu ya kuchelewa, nikasema niliahidiwa. Imeandikwa wapi? Hakuna. Maombi yakatupwa. Haki ilikuwa yangu kabisa, nikaikalia mwenyewe.

TichaWaChaki: Mimi nilifundisha shule binafsi miaka mitatu bila mkataba. Nilipoanza kuuliza makato yangu ya NSSF yanaenda wapi (nilicheki taarifa yangu, michango imeishia mwezi wa pili), nikaambiwa "kwani wewe ni mwajiriwa hapa?" Nilicheka kwa uchungu. Nikapeleka CMA meseji za mshahara za simu, ratiba ya vipindi yenye jina langu na daftari la mahudhurio nililolipiga picha. Kumbe maelezo ya maandishi ya ajira ni wajibu wa mwajiri kuyatoa, na akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wadada, pigeni picha daftari la mahudhurio mapema, kabla hamjagombana na mtu.

Baharia_Mstaafu: Mimi sikufukuzwa, nilichoshwa. Nilitoa taarifa ya boti kuzidisha abiria, nikaanza kunyimwa zamu, nikahamishiwa kufagia gati, mwisho nikaandika barua ya kuacha kazi "kwa sababu binafsi." Mnijuze, hapo nimejimaliza?

Mwanzisha mada: Mzee wangu shikamoo. Si lazima. Mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka ukaacha, sheria inahesabu kama amekuachisha. Shida ni hayo maneno "sababu binafsi" uliyoandika kwa mkono wako, utayatolea jasho.

MwanaPwani: Wadau, mie niko Mombasa. Huku kwetu tuna muda zaidi, miaka mitatu kupeleka kesi mahakama ya kazi, na kabla ya kukufuta kazi kwa utovu wa nidhamu lazima wakusikize ukiwa na mwenzako wa kazi. Sheria ya Hongo ya 2016 nayo inasema anayemtisha mtoa taarifa aweza kupigwa faini hadi shilingi milioni moja au kifungo cha mwaka. Lakini sheria kamili ya wafichuaji bado, muswada wazungushwa tu miaka nenda rudi. Mie kila nikisikia habari hizi namkumbuka David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za Goldenberg, ile kashfa ya serikali kulipa mabilioni kwa mauzo hewa ya dhahabu nje. Alishtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, kesi haikumshika, kazi hakurudishiwa. Akahamia huku Mombasa. Alikufa 2006, maskini. Kwa hivyo mtu akinambia "toa tu taarifa, utalindwa", humuuliza kwanza: na nani?

Mgeni_Jukwaani: Samahani wakuu, nimesoma uzi wote mwili unatetemeka. Barua yangu ya kufukuzwa ni ya tarehe 3, leo ni tarehe 29. HR kanipigia kasema nisiende popote, wiki ijayo kuna kikao cha kuliangalia upya. Nimwamini?

Mwanzisha mada: Kakuandikia au kakupigia?

Mgeni_Jukwaani: Kanipigia.

Mwanzisha mada: Kesho asubuhi uwe CMA na hiyo barua na kitambulisho. Kikao chao kikija wakakurudisha kazini, shauri unaliondoa mwenyewe. Ukifika njoo utuambie umepewa tarehe gani ya usuluhishi.