Nyumba ya likizo kisiwani: Phuket, Saiprasi au Mauritius?

Nanga_Mbili: Wakuu, heshima kwenu. Nalinganisha visiwa 3: fleti Phuket, nyumba ya vyumba 2 Saiprasi upande wa Limassol, na fleti Mauritius. Itatumika kama wiki 6 kwa mwaka, muda uliobaki ipangishwe. Mnunuzi si raia wa nchi hizo wala wa Umoja wa Ulaya. Wapi hati inamlinda zaidi?

Mpima_Viwanja: Nianze na Phuket, maana huko ndiko watu wengi hunasa. Sheria ya Thailand haimpi mgeni ardhi, isipokuwa kwa njia finyu sana. Fleti kwenye jengo lililosajiliwa kama kondominio (jengo la fleti zenye wamiliki tofauti) unaimiliki kwa jina lako, ila wageni wote kwa pamoja hawaruhusiwi kuvuka asilimia 49 ya eneo la fleti za jengo hilo. Kabla ya kutoa arubuni, dai barua ya uongozi wa jengo inayothibitisha kwamba nafasi ya wageni bado ipo.

Halafu pesa. Lazima ziingie Thailand zikiwa fedha za kigeni, zibadilishwe kuwa bahti (fedha ya Thailand) hukohuko, na benki ikupe cheti cha kuonyesha ni za kununulia fleti. Ukituma bahti kutoka nje, cheti hupati, na bila cheti ofisi ya ardhi haisajili.

Ukiambiwa villa (nyumba yenye kiwanja chake), jua ardhi unaikodi tu kwa mkataba wa pango, mwisho miaka 30. Pango likizidi miaka 3 lazima lisajiliwe; lisiposajiliwa, mahakama italitambua kwa miaka 3 tu. Ile "30+30+30" ya madalali ni ahadi tu ya kuongeza muda, usiilipie kama umiliki wa miaka 90. Na kampuni yenye wenyeji wanaoshika hisa kwa niaba yako ni kuvunja sheria, hata kama aliyekushauri ni wakili.

Kusi: Nanga_Mbili, umesema utapangisha. Thailand, kupangisha kwa chini ya mwezi kunahesabika kuwa biashara ya hoteli na kunahitaji leseni. Hesabu zozote za mapato ya kila usiku zifute kwanza, upige upya kwa mpangaji wa mwezi mzima.

Karani_wa_Hati: Saiprasi unapata umiliki kamili, ila kwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya kuna kibali cha ofisi ya wilaya. Hatari kubwa huko ni hati kuchelewa: kuna nyumba zimekaa miaka bila hati kwa sababu mjenzi aliweka ardhi rehani. Kwa hiyo:

Kwanza, wakili (wako, asiwe wa muuzaji) achukue taarifa ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, aone rehani na zuio. Rehani ikiwepo, benki iandike kwamba itaiachia nyumba yako ukimaliza kulipa. Pili, mkataba uwasilishwe ofisi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu kusainiwa. Hapo mjenzi hawezi kumuuzia mwingine, na ana deni la kukuhamishia hati.

Kaskazini ya kisiwa usiguse. Ardhi nyingi huko ni ya Wasaiprasi Wagiriki waliokimbia jeshi la Uturuki mwaka 1974. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba hukumu ya Saiprasi dhidi ya mnunuzi wa ardhi ya namna hiyo itekelezwe hata Uingereza, iliyokuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya. Bei yake ni ya chini kwa sababu hiyohiyo.

Nanga_Mbili: Asanteni sana. Na Mauritius?

Kusi: Mgeni ananunua ndani ya miradi iliyoidhinishwa, au fleti katika jengo lenye angalau ghorofa 2 juu ya ile ya chini, kwa bei isiyopungua rupia milioni 6. Kibali cha ukaazi unapewa ukinunua kwa dola 375,000 au zaidi. Chini ya hapo unapata fleti tu, bila kibali hicho. Hati inaandaliwa na notari (mwanasheria rasmi wa hati). Kama jengo bado halijakamilika, unalipa kwa hatua za ujenzi. Dai dhamana ya benki ya kukamilisha jengo, isomwe na notari kabla hujasaini. Mimi hapo ndipo ningeweka pesa, kwa utulivu wa hati.

Fundi_Chumvi: Hati sawa, lakini jengo nalo litazamwe. Hewa ya chumvi hula nondo: tafuta nyufa zinazofuata mstari wa nondo na madoa ya kutu chini ya baraza. Zege likishaanza kubanduka, rangi haitibu. Linachimbwa hadi nondo isafishwe. Mapezi ya kiyoyozi cha nje yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Nyumba ikifungwa miezi bila hewa, ukungu unaingia kwenye magodoro na makabati, kwa hiyo weka bajeti ya mtu wa kuifungua kila wiki. Mauritius ongeza vizuizi vya madirisha, msimu wa vimbunga unaanza Novemba, na uliza bima inakuachia ulipe kiasi gani mwenyewe kimbunga kikipiga.

Mpima_Viwanja: Nyongeza kwa fleti zote: omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki za miaka 3. Ukarabati wa paa au lifti unaokuja huandikwa humo kabla haujaingia kwenye ada.